Jibu la Kumpelekea Mdogo Wake Fundi

Benchi letu limeegemea ukuta wa stoo ya mbao, na msilidharau kwa kupinda. Mbao yake niliipasua mimi, kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika kikombe. Hapa zimekatwa kesi ambazo mahakama ilizikimbia. Wananiita Jenerali, na sijawahi kuwakataza. Kulia kwangu hukaa Redio, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Kushoto ni Wakili, aliyesomea sheria kwa kufagia korido ya mahakama. Chini kwenye kigoda ni Fundi, mshona viatu wetu. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa anajidunga sindano kidoleni kila saa, na kahawa yake imepoa. Mdogo wake wa mwisho yuko gerezani, na siku yenyewe ilikuwa ya kwenda kumwona.

— Ndugu zangu, nisaidieni, Fundi akasema. Safari iliyopita dogo kanishika kidole pale kwenye wavu wa wageni. Ananiambia, “Kaka, kuna nesi anafanya utafiti. Anapita kwetu wafungwa anatuuliza vichwa vyetu vikoje, tunalalaje, ili wajue namna ya kutuhudumia. Mimi kaniuliza kama natamani kufa. Nimjibu nini?” Nikamwambia nitampelekea jibu.

— Na hali yake mwenyewe? Redio akauliza.

— Kakonda. Anasema ukuta unamsogelea.

Nikaona niwachangamshe.

— Ukuta wa ndani lazima usogee! Mimi nililala mahabusu usiku mmoja tu, ukanisogelea mpaka nikausukuma kwa miguu. Asubuhi askari wanakuta chumba kimekuwa ukumbi!

— Jenerali, leo niache, bwana.

Wakili akakohoa kikohozi chake cha kisheria.

— Sikiliza, Fundi. Mfungwa ana tarehe ya kutoka. Mwendawazimu hana tarehe. Dogo akisema ndiyo, wanamhamishia wodini, na huko anakaa mpaka apone. Sasa nani anasema kapona? Wao haohao!

— Kabakiza miezi michache tu, Wakili.

— Ndiyo nakwambia!

— Halafu utafiti hauishii kwenye maswali, Redio akadakia. Haba na haba hujaza kibaba. Leo swali, kesho sindano, keshokutwa wanachukua ndoto zako wanazitia kwenye chupa.

— Ndoto kwenye chupa?

— Kwani damu wanaitia wapi?

— Ni kweli hiyo, nikasema. Namjua bwana mmoja aliulizwa maswali hayohayo. Alivyotoka, akamwamkia mkewe shikamoo!

Fundi akavuta uzi, ukakatika. Tulimwona.

— Lakini nesi kasema asiyetaka asijibu, akasema. Ila mtu akijibu ndiyo, yeye hawezi kukaa nayo moyoni. Anamwita daktari palepale.

— Umeona! Wakili akajipiga goti. Mtego huo! Dogo aseme yuko sawa. Analala? Fofofo. Anakula? Mpaka anabakiza. Kufa? Mwiko! Kimya kingi kina mshindo mkuu: akinyamaza vizuri, watamwachia kwa kishindo.

— Na mficha maradhi kifo humuumbua, Redio akamalizia. Kwa hiyo afiche barabara, asifiche nusunusu.

Methali hiyo ikatua katikati yetu, kila mtu akaangalia pembeni.

Kulikuwa na dada mmoja kasimama hapo, mpita njia tu, kandambili yake imemkatikia mbele yetu na Fundi alikuwa anamshonea. Mguu mmoja peku juu ya mwingine. Akasema taratibu:

— Samahanini, kaka zangu. Akishasema yuko sawa, ukuta ukimsogelea tena atamwambia nani?

Mimi, ambaye sijakosa jibu tangu naachishwa ziwa, nikanywa kikombe kitupu.

— Na akisema ukweli wakamfungia huko, dada, Fundi akauliza, atamtoa nani?

— Sijui, kaka. Nimeuliza tu.

Fundi akaichomeka sindano kwenye kandambili na kuiacha hapohapo. Akasimama, akajifuta gundi kwenye suruali, akafuta tena mikono ambayo ilishakauka.

— Fundi, nikamwita. Sasa unampelekea jibu gani?

— Sina jibu. Naenda kumuuliza mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mgeni kamuuliza, mimi niliyembeba mgongoni sijamuuliza. Niliogopa, Jenerali. Hata sasa naogopa.

— Na akikwambia ndiyo? Redio akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Fundi alikuwa ameshaanza kutembea.