Maisha ya Dada Yetu, Mama Nani wa Ofisi ya Bajeti

Wazee wetu, majirani, viongozi na watumishi wa halmashauri, walimu wenzangu, na nyote mliokuwa nasi tangu Jumanne, familia imenituma mimi, mdogo wake wa tatu, niwasomee maisha ya dada yetu, nami naomba mnivumilie nikisoma polepole, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kusoma mbele ya watoto.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi baiskeli na mfuaji wa mashuka ya hospitali. Baba alitangulia mwaka 2002. Mama yetu tuko naye hapa, ameketi mstari wa mbele, naye husema kwamba binti yake huyu alizaliwa msumeno wa kiwanda ukinguruma, ndiyo maana hakuwahi kutishwa na kelele za mkutano.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa wetu kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, shule ileile ninayofundisha sasa, na huko walimu wake wanamkumbuka kwa jambo moja, kwamba akiwa darasa la tano alimfuata mwalimu mkuu na kumwuliza kwa nini foleni ya wasichana chooni hufika mlingoti wa bendera wakati ya wavulana haipo. Mwalimu mkuu alimjibu kwamba wasichana wanapiga soga humo ndani. Baada ya mapumziko ya siku iliyofuata alirudi, akasimama kwa adabu na mikono nyuma, akasema, "Mwalimu, matundu yetu na yao ni sawasawa, ila wenzetu wana na ukuta wa haja ndogo," naye mwalimu mkuu akacheka sana, akawasimulia wenzake, na choo kikabaki kilivyo.

Aliendelea na sekondari kuanzia mwaka 1982 hadi 1985, akafaulu, lakini uwezo wa baba uliruhusu mtoto mmoja tu kuendelea, na kikao cha familia kikaamua aende kaka yetu anayemfuata. Marehemu alikaa nyumbani miaka miwili akimsaidia mama kupiga pasi mashuka. Hakununa wala hakumwekea kaka kinyongo, ila alituambia baadaye kwamba pale ndipo alipojifunza kuwa kikao kinaweza kukunyima kitu bila mtu yeyote kukuchukia. Mwaka 1988 alijiunga na chuo cha uhasibu, akahitimu mwaka 1990.

Aliajiriwa na halmashauri tarehe 1 Julai 1991 akiwa karani wa mapato, akahamishiwa ofisi ya bajeti mwaka 1999, na mwaka 2004 akateuliwa kuwa afisa bajeti, katika kile chumba cha mwisho wa korido chenye dirisha linaloangalia tangi la maji, ambako alifanya kazi mpaka miguu ilipokataa.

Tarehe 4 Desemba 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa gari la maji la halmashauri, na Mungu akawajalia mtoto wa kiume mwaka 1995 na wa kike mwaka 1998. Nyumbani kwao hapakuwa na kazi ya mvulana wala ya msichana, ukila unaosha, na kaka yetu mkubwa alipowatembelea mara ya kwanza akakabidhiwa dodoki alimwambia shemeji, "Bwana, hapa kwako hata mgeni ana zamu," shemeji akamjibu, "Shukuru umepewa vyombo, mwenzio wa jana alipewa choo."

Ndugu zangu, wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Nani, na ni vizuri watoto waliopo hapa wajue jina hilo lilitoka wapi. Kuanzia mwaka 2008, kila idara ilipoleta makadirio yake mezani kwake, yeye hakuanza na jumla iliyo chini ya ukurasa, alianza na swali, hiki kitatumiwa na nani, na nani hatakifikia. Mhandisi wa barabara, ambaye alipenda sana kumtania, alimwambia mbele ya wakuu wa idara wote, "Mama Nani, tuache tufanye kazi, lami haina jinsia." Naye akamjibu bila kuinua sauti, "Ni kweli, baba, lami haina. Lakini mtaro uliouchimba pembeni yake, wewe unauruka kwa suruali yako. Mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni anaurukaje?" Mhandisi akasema ataweka vifuniko penye njia za kuingilia majumbani, na mwaka huo aliviweka, na watani wake wakaviita vifuniko vya Mama Nani.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo lililompa furaha kuliko yote, na ambalo baadaye lilimuumiza kuliko yote. Aliona kwamba mahitaji ya wanawake na wasichana yametawanyika kwenye idara mbalimbali, huku kidogo na kule kidogo, na kila mwaka yanapotea, akashauri yakusanywe yote chini ya kifungu kimoja kitakachoitwa Jinsia, ili kila mtu ayaone. Baraza la madiwani lilikipitisha mwezi Juni 2010 kwa makofi. Kina mama wa soko walikuja na vigelegele hadi getini, na picha ya siku hiyo bado iko ukutani kwao, marehemu amecheka mpaka macho yamefumba.

Idara nazo zilifurahi, kwa sababu yao. Elimu walisema choo cha wasichana sasa ni cha Jinsia, wakakiondoa kwao, barabara wakasema vifuniko vya mitaro ni vya Jinsia, na afya wakahamishia huko posho za wakunga wanaoshika zamu za Jumapili kwenye zahanati za kata, wakisema kuzaa ni jambo la wanawake. Marehemu aliyapokea yote kwa mikono miwili, akiamini kwamba anakusanya watoto wake chini ya paa moja.

Mwezi Februari 2011 makusanyo ya ushuru yalishuka, na kamati ya fedha ikakaa mchana mmoja kutafuta pa kupunguza. Kama mahitaji yale yangekuwa bado katika idara zake, ingebidi wagombane na mkuu wa elimu, kisha wa barabara, kisha wa afya, kila mmoja akilinda cha kwake, lakini sasa yalikuwa pamoja, hayana idara nyuma yake, wakakifuta kifungu chote, wakanywa chai. Mweka hazina wa halmashauri, aliyependekeza hivyo, yupo nasi hapa leo, nasi tulimpelekea maneno haya kabla ya kuyasoma, akasema yasomwe kama yalivyo.

Jumapili ya tarehe 22 Mei 2011, mke wangu mimi ninayesoma, ambaye ni wifi yake marehemu, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Tulimfikisha zahanati ya kata tukakuta mlango una kufuli, kwa kuwa zamu ya Jumapili ilikuwa imefutwa, na mkunga, ambaye hana kosa, alikuwa kwa wazazi wake. Majirani walichukua toroli la fundi mwashi, wakatandika godoro, tukaanza safari ya hospitali kubwa. Mtoto alizaliwa njiani, mzima. Mama yake alitoka damu nyingi, akafariki tukiwa tumeshaliona geti.

Marehemu alimchukua mtoto huyo siku ileile na kumlea hadi leo, na ndiye binti yetu mnayemwona pembeni ya bibi yake, anatimiza miaka kumi na miwili mwezi ujao.

Baada ya mazishi yale dada alikaa sakafuni chumbani kwa mama, hakula, akasema, "Mimi ndiye niliyeviweka pamoja. Ndiyo maana waliving'oa mara moja." Mama akamwambia, "Mwanangu, kufuli hukulifunga wewe." Akajibu, "Ufunguo niliwaachia, mama." Sisi hatukumlaumu, tulimwambia hivyo kila mara, yeye alituitikia kwa upole, na akaendelea kujilaumu.

Kuanzia hapo alikuwa na nia moja, kwamba zamu ya Jumapili irudi, na irudi mahali ambapo hakuna atakayeweza kuifuta kimyakimya. Kwanza ilimbidi alishauri baraza lisikirudishe kifungu cha Jinsia, kile alichokileta mwenyewe, na hilo liliwakasirisha waliompenda. Mwenyekiti wa kina mama wa soko alimfuata ofisini akamwambia, "Tulikupigia vigelegele, leo unatuuza? Wamekununua kwa bei gani?" Marehemu alimvutia kiti, akamwambia, "Dada, maji ya nyumba nzima ukiyaweka mtungi mmoja, siku ukivunjika mnalala na kiu wote. Nataka kila idara ibebe mtungi wake." Mwenyekiti aliondoka bila kuaga, na kwa mwaka mzima hakumuuzia hata nyanya, akimpita akitazama juu, mpaka siku aliyokuja mwenyewe na kapu akasema, "Haya, nieleze tena huo mtungi wako."

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na gogo hili alilibandua kwa miaka mitano. Aliutoa mkutano wa maoni ya bajeti kwenye ukumbi wa halmashauri, ambako uliitishwa asubuhi wakati kina mama wako sokoni, akaupeleka kwenye mabenchi ya kliniki siku ya chanjo, ambako kina mama wapo na hawana pa kwenda. Aliketi na kila mkuu wa idara, akirudia jambo lilelile bila hasira, kama mwalimu wa darasa la kwanza anayefundisha herufi, na mkuu wa afya mmoja alipomwambia amechoka kumsikia alimjibu, "Na mimi nimechoka kusema, baba, basi tumalize."

Tarehe 29 Juni 2016 baraza lilipitisha utaratibu aliouomba, kwamba mahitaji ya wanawake na wasichana yakae ndani ya kila idara, na kwamba yeyote anayetaka kuyapunguza asimame mbele ya baraza zima na kusoma kwa sauti ni kina nani watakaokosa. Julai hiyo kufuli za Jumapili zikafunguliwa katika zahanati zote nne. Hakukuwa na sherehe, mwenyewe hakuitaka, alikwenda Jumapili ya kwanza na mtoto, wakakaa kwenye benchi la nje, wakamwona mkunga akifungua mlango, wakarudi nyumbani.

Mwezi Septemba 2021 marehemu alianza kuvimba miguu, na mwezi Januari 2022 madaktari wakagundua kwamba figo zote mbili zimechoka. Akaanza kusafishwa damu katika hospitali ya rufaa, akitoka huko akiwa hoi, na keshoye akiomba kupelekwa kazini.

Tarehe 22 Februari 2023, makusanyo yakiwa yameshuka tena, baraza liliitishwa, na dada akataka kwenda. Shemeji na kijana wao walimbeba na kiti chake. Mweka hazina alisimama, akasoma kama utaratibu unavyotaka, kwamba anapendekeza kuondoa zamu ya Jumapili katika zahanati mbili kati ya nne, na kwamba watakaokosa ni wajawazito wa kata zile mbili, akazitaja, akanywa maji, akamalizia.  Kisha mikono ikanyooshwa, mmoja mmoja, na pendekezo likapita.

Tulirudi naye kwa gari, tukafika kwenye kona ya kiwanda cha mbao. Kijana wake akamwambia, "Mama, wameshinda tena." Akajibu, "Safari ile walizichukua zote na hawakujua wamechukua nini. Safari hii wamechukua mbili, na wanazijua." Akafumba macho, tukadhani amelala, kisha akasema, "Lakini mbili ni nyingi."

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Machi, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Aprili 2023, katika wodi ya wanawake ya hospitali ya rufaa, dada yetu aliaga dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Ameacha mama, mume, wadogo wanne, watoto wawili wa kuzaa na mmoja wa kulea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomwita kwa jina lake hata alipokuwa hawezi kuitika, majirani waliotandika mikeka na kuteka maji bila kuombwa, kina mama wa soko waliofunga meza zao leo, na wafanyakazi wenzake wa halmashauri, akiwemo mhandisi aliyekesha nasi, na mweka hazina aliyebeba jeneza.

Marehemu alituachia agizo moja, nami sina budi kulisoma. Aliomba viongozi wasitoe ahadi yoyote kaburini kwake, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, ahadi ya makaburini haina kifungu. Baraza la bajeti ya nyongeza litakaa Alhamisi, tarehe 27 Aprili, na ahadi zitolewe huko. Benchi la wananchi liko nyuma, karibu na mlango, na mara nyingi huwa tupu. Sisi wa familia tutaketi hapo, pamoja na binti yetu, na nafasi zitabaki.

Leo ni Jumamosi. Kesho, katika zahanati mbili, mlango utakuwa na kufuli, na sote tuliosimama hapa sasa tunazijua kwa majina.

Dada, umefundisha kwa subira, na wanafunzi wako tumekuwa wazito. Pumzika sasa kwa amani.