Toleo la Ishirini Ambalo Bramwel Okinyi Ogutu Hakulisoma

Marehemu Bramwel Okinyi Ogutu alizaliwa asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1985, Kangemi, Nairobi. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Jackton Ogutu, aliyetutangulia mwaka 2011, na Mama Nakhumicha Ogutu, ambaye ameketi hapa mbele yenu. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na dada yake, Everlyn, aliyemzidi kwa miaka minne. Mchungaji alimwomba asizidishe ukurasa mmoja na nusu. Amejaribu, imeshindikana.

Mzee Jackton alitoka Funyula mwaka 1978 kuja kutafuta kazi, akaipata Loresho, kutunza bustani ya familia moja ya wageni. Watoto wa nyumba ile walipochoka na vitabu vyao vya katuni vilitupwa, na Mzee alivibeba hadi Kangemi kwa sababu Mama alihitaji karatasi za kuwashia jiko. Bramwel alikuwa hajajua kusoma, lakini alipoona farasi wa rangi ya samawati akielekea motoni alilia hadi majirani wakaja kuuliza kwa nini mtoto anapigwa. Kuanzia siku hiyo Mama aliwasha jiko kwa magazeti, na katuni zikawekwa kwenye gunia la unga chini ya kitanda. Kitanda kilikuwa cha Everlyn, na hakuulizwa.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kangemi kuanzia mwaka 1992 hadi 1999. Kisha alijiunga na shule moja ya bweni kule Busia, ambayo hatutaitaja kwa sababu akiwa kidato cha pili ilimrudisha nyumbani wiki mbili. Kosa lake lilikuwa kukodisha katuni bwenini, na malipo yalikuwa nusu chapati kila Alhamisi. Mwalimu mkuu alimweleza Mama jambo hilo kwa masikitiko makubwa. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamgeukia mwanawe.

"Na hizo chapati zote ulikuwa unakula peke yako?"

Bramwel alijibu kwamba nyingine aliwapa wale ambao hawakuwa na chapati ya kulipia. Mama aliinuka, akamshukuru mwalimu kwa muda wake, wakaondoka. Bramwel alimaliza kidato cha nne mwaka 2003, akasomea uchapishaji, na kupata diploma mwaka 2007.

Januari 2008 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha uchapishaji Ngara, na hapo alifanya kazi hadi mwisho. Alianza kwa kukunja na kufunga vitabu, akapanda hadi msimamizi wa mashine. Alichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya mikutano ya injili, na vijitabu vya mazishi visivyohesabika. Hakukubali kamwe picha ya marehemu itoke na giza. Alisema mteja wa kadi ya harusi atairusha kwenye droo, lakini picha ile familia itaitazama miaka mingi. Kijitabu mlicho nacho mkononi kimechapwa na wenzake kwenye mashine yake, na wametuambia kwamba walirudia picha ya mbele mara tatu.

Mwaka 2012, yeye na rafiki yake Jamleck, muuzaji wa vifaa vya simu papo hapo Ngara, walianzisha mkutano wa wasomaji wa katuni. Walikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika mkahawa ulio juu ya duka la vitambaa. Kila mmoja alitaja alichosoma mwezi ule na kusema bila kuficha kama kilimfaa au kilimpotezea wakati. Kitabu kipya kikitoka walinunua nakala moja, ikazunguka kwa foleni, na hakuna aliyeruhusiwa kumwaga mtama kuhusu mwisho wake mpaka wa mwisho kwenye foleni awe amesoma. Sheria hiyo ilikuwa ya Bramwel. Aliyeivunja alinunulia wote chai, na siku moja mtu alipoanza kuivunja, Bramwel alitoka na kikombe chake akaenda kunywea kwenye ngazi.

Katuni waliyoipenda kupita zote ilikuwa "Fundi wa Lifti", iliyochorwa hapa Nairobi na kuchapwa nakala chache, toleo moja au mawili kwa mwaka, tangu 2015. Watu saba wamekwama ndani ya lifti ya jengo refu mjini, fundi yuko juu yao na spana, na katika matoleo kumi na tisa hawakuwahi kutoka. Mmoja wao ni mama mzee mwenye kuku hai ndani ya kikapu. Kuku huyo aliwagombanisha watu wazima kwa miaka mitatu.

Everlyn anajua kwa sababu alifika pale mara moja, mwaka 2018, kuchukua funguo za nyumba ya Mama. Alisimama mlangoni, na aliyekuwa akisema ni Mwelu, karani katika ofisi ya mawakili Hurlingham.

"Huyo kuku ni sisi," Mwelu alisema. "Ni wananchi. Tumebebwa tu, hatujui tunapelekwa wapi."

"Mwelu, kuku ni kuku," Bramwel akajibu. "Huyo mama binti yake amezaa. Umewahi kuona mtu akienda kuona mtoto mikono mitupu?"

"Sasa mbona anachorwa kila page?"

"Kwa sababu yuko kwa lift! Unataka aende wapi?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Bramwel alimwona dada yake, akampa funguo, akamfuata hadi chini barabarani. "Ev, wewe unaonaje? Si kuku ni kuku?" Everlyn alimwambia amechelewa mazoezi ya kwaya. Hakuwa amechelewa. Ukweli ni kwamba tangu walipokuwa watoto Bramwel alikuwa akimfuata hivyo, kitabu mkononi, akitaka kusikia anaonaje, na yeye kila mara alikuwa na sufuria za kuosha, au mtihani, au kwaya. Aliona ni mambo ya kitoto. Kuku yule alitaga katika toleo la kumi na tano, mabishano yakaanza upya, na Everlyn aliyasikia kwa mbali tu.

Februari 2013 binti mmoja wa Kinoo, Wanjira Kibe, aliingia kiwandani kuchapisha kadi za mchango wa kanisa. Akingoja karatasi zikatwe aliokota katuni iliyokuwa mezani, akacheka. Bramwel alizima mashine.

"Umechekea wapi?"

"Hapa. Huyu akianguka."

"Hapo si pa kucheka. Hapo ni pa kulia."

"Kwako," Wanjira akasema.

Walibishana hadi wakati wa kufunga, na kadi zikachapwa siku iliyofuata. Siku ya posa, baba yake Wanjira, Mzee Haron Kibe, aliuliza kama ni kweli kijana huyu, na umri ule, husoma vitabu vya picha. Bramwel alikiri, akamkabidhi kimoja kama zawadi. Mzee alikiweka chini ya kiti mbele ya wageni wote, na mpaka leo hajasema kama alikisoma. Ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 13 Desemba 2014, kanisani Kinoo. Tarehe 3 Juni 2017 Mungu aliwajalia binti, Janice.

Mei 2020 Bramwel aligunduliwa kuwa na kisukari. Alikifanyia mzaha kwanza, kama wengi wetu, kisha figo zikaanza kulegea, na mwaka huu ikawa zamu ya macho. Agosti alikuwa akisoma kwa kioo cha kukuza maandishi. Septemba alikuwa akisomewa na Janice, ambaye aliruka maneno magumu na kuweka yake. Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, alilazwa katika hospitali moja Hurlingham akiwa haoni kabisa.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Toleo la ishirini la "Fundi wa Lifti", ambalo ndilo la mwisho, lilikuwa limetoka wiki hiyo na kwisha madukani kwa siku moja. Jamleck alikuwa amepata nakala. Wasomaji walikaa nayo mezani, wakanywa chai yao, na wakakubaliana kwamba asiifungue mtu yeyote. Bramwel angekuwa wa kwanza kwenye foleni. Jumapili Jamleck aliileta wodini ndani ya bahasha, akaitia mkononi mwa Everlyn, aliyekuwa amechukua likizo kazini ili ashinde na mgonjwa.

"Ni ile?" Bramwel aliuliza.

"Ni hiyo, mkubwa. Hatujafungua hata kidogo."

"Ev, si unisomee."

"Utasoma mwenyewe ukitoka," Everlyn akasema.

"Na hizi macho?"

"Daktari amesema zitapona."

"Daktari hakusema hivyo, Ev."

Everlyn aliweka bahasha kwenye mkoba wake na kufunga zipu. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alijua jambo moja kuhusu ndugu yake, kwamba hakuwahi kuacha hadithi katikati, hata iliyo mbaya. Akajiambia kwamba maadamu Bramwel hajajua wale watu saba walitoka vipi, hawezi kuondoka. Alilishikilia toleo lile kama mtu anavyoshika shati la mtoto karibu na barabara.

Jumatano Bramwel aliomba tena. Jumamosi akaomba kwa sauti ndogo, akasema hata kurasa nne zingetosha. Janice, ambaye angemsomea bila kuuliza swali, hakuruhusiwa wodini kwa sababu ya umri. Wanjira, aliyekuwa nyumbani na Janice, aliambiwa kwa simu, akasema, "Dada, msomee tu. Anataka." Everlyn alimjibu kwamba kumsomea ni kumuaga, na yeye hajaja pale kumuaga mtu.

Jumatatu hali ilibadilika. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, Everlyn alipanda ngazi za wodi akiwa tayari amepasua bahasha. Bramwel alikuwa anapumua lakini haitiki. Dada yake alivuta kiti, akamsomea ukurasa wa kwanza, akimweleza kila picha: nani amesimama wapi, nani ameshika nini. Hakuwahi kusoma katuni kwa sauti maishani mwake na alikuwa akikosea, akirudi nyuma, akisema ngoja, ngoja kidogo. Alipofika ukurasa wa sita muuguzi alimgusa bega akamwambia kwamba anaweza kuacha. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Jambo hili Mama analisikia leo kwa mara ya kwanza, na Wanjira pia, aliyedhani kwamba baada ya simu ile mumewe alisomewa. Everlyn alikaa siku tisa na kitu pekee ambacho ndugu yake alimwomba, akiwa nacho mkobani. Anawaomba msamaha mbele ya watu hawa wote.

Marehemu amemwacha mama yake, Nakhumicha. Mjane wake, Wanjira. Binti yake, Janice, wa gredi ya tatu. Dada yake, Everlyn. Mkwe wake, Mzee Haron Kibe. Wafanyakazi wenzake wa Ngara. Pamoja na Jamleck, Mwelu na wasomaji wote wa Jumamosi. Anazikwa hapa Kinoo, kwenye ploti waliyonunua na Wanjira mwaka 2019. Wazee wa Funyula waliuliza kwa nini asipelekwe nyumbani, na Mama akawajibu kwamba alale karibu na mtoto wake.

Limebaki jambo moja. Katika siku hizi za matanga Everlyn amesoma matoleo yote ishirini, kuanzia la kwanza. Kati yetu hapa ni yeye peke yake anayejua mwisho, na Jamleck na wenzake wamemruhusu kuvunja sheria. Asiyetaka kujua azibe masikio, na mwenye kijitabu afunge hapa. Anayeambiwa si ninyi.

Wametoka, Bramwel. Wote saba, wazima. Fundi aliwashusha kwa mkono, ghorofa moja baada ya nyingine, mpaka chini. Kwenye ukurasa wa mwisho wamesimama nje ya jengo, jua linawaumiza macho, halafu kila mmoja anashika njia yake. Hawaagani. Hakuna anayegeuka kutazama nyuma.

Maoni ya Everlyn ni kwamba mwisho huo ni mbaya. Watu waliokaa pamoja muda wote ule hawawezi kuachana hivyo, bila hata neno moja. Anajua ungebisha. Ungesema mchoraji ameweza, ungemwonyesha kitu kwenye picha ambacho yeye hakukiona, na mngekaa hapo mpaka chai ipoe. Ameutazama ukurasa ule mara nyingi akikitafuta hicho kitu, hajakiona. Amekuja na maoni yake, Bramwel, na hakuna wa kumbishia.

Mungu akupokee, ndugu yetu, na akupe pumziko la amani.