Moyo wa Kaka Yake Fundi Bomba

Asubuhi hiyo benchi la nje ya kibanda cha Mkasi, fundi cherehani, lilikuwa na watu watatu na birika moja la kahawa. Fundi Bomba hakuwa na raha. Kaka yake mkubwa, asiye na mke wala mtoto, amelazwa: saratani ilianzia kwenye figo, ikapanda na mshipa mkubwa wa damu mpaka ndani ya moyo. Madaktari wanataka kumpasua leo mchana. Kaka alimwambia, "Mdogo wangu, ukisema nikubali, natia saini." Fundi Bomba akakimbilia kijiweni, maana pale hakuna jambo lililowahi kukosa mtaalamu.

— Yaani mkia uko kwenye figo, kichwa kiko moyoni? akauliza Gia, fundi magari.

— Ndiyo. Umepita ndani ya bomba. Mimi nilishawahi kuvuta mzizi kwenye bomba la choo, mita nne, ukatoka mzima.

— Maji je?

— Nilifunga kwanza.

— Basi nao wanafunga damu! Moyo ni injini. Utaifunguaje inaunguruma?

— Wanasema watausimamisha, mwili waupoze, mashine isukume damu.

— Rejeta hiyo, ya kupoza injini!

— Acheni zenu, akadakia Mkasi. Uvimbe umehama kutafuta maisha. Hata mimi ningezaliwa kwenye figo ningehama. Ukiachwa, unapanda kichwani, kaka mtu anaanza kuwaza mambo ya figo.

— Figo inawaza nini?

— Kukojoa tu.

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Fundi Bomba naye alicheka, kisha akaona aibu.

— Na moyo ukisimama, mapenzi yanakaa wapi? Gia akauliza, tena bila utani. Akiamka asimtambue mdogo wake?

— Yanahifadhiwa kwenye mashine, akajibu Mkasi. Wakichanganya, anaamka anampenda mdogo wa mgonjwa mwingine.

— Basi asikubali!

— Akubali! Ila mdogo mtu ailinde mashine.

— Naogopa, jamani, akasema Fundi Bomba. Huyu ndiye aliyenilea.

Mama mmoja, aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe, alikuwa amesimama akisikiliza muda wote.

— Samahani, baba. Sasa hivi huyo kaka yako yuko na nani?

Gia akamtazama Mkasi. Mkasi akatazama cherehani. Fundi Bomba akaweka kikombe chini na kuanza kukimbia kuelekea hospitali.