Clare Muhonja na Pipa la Juu ya Paa

Marehemu Clare Muhonja alikuwa na umri wa miaka sita siku Phares Wabwire alipomwona mara ya kwanza. Ilikuwa Machi 2009, mtaani Huruma, Nairobi. Phares alikuwa amepeleka makaa kwa mkokoteni kwenye kibanda cha Roseline, mama yake Clare. Alipomaliza kushusha magunia, alimkuta mtoto ameketi juu ya mkokoteni, ameshika kamba.

"Farasi, kimbia!" mtoto akaamuru.

Phares ni mtu wa haya. Hakujua atamwambiaje mtoto wa watu ashuke, basi akamvuta hadi mwisho wa barabara na kurudi, majirani wakicheka.

"Anko, rudia," Clare akasema.

Mwaka uliofuata Phares na Roseline walifunga ndoa, wakahamia mtaa wa Mowlem. Phares aliendelea kuitwa Anko. Hakumlazimisha mtoto, ingawa moyoni alitamani sana siku moja aitwe baba.

Clare alizaliwa tarehe 11 Februari 2003. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa bado mchanga. Clare alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2016, akaenda sekondari ya bweni huko Kakamega, na Septemba 2021 akajiunga na chuo kikuu hapa Nairobi kusomea uhasibu.

Chuoni, yeye na rafiki yake Griffins Shitanda walianzisha chama cha wanafunzi wanaopenda farasi. Kilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ila farasi hakikuwa naye. Phares, ambaye sasa alikuwa kibarua kiwandani, aliwatafutia pipa tupu liwe farasi wao. Wakalining'iniza kwa kamba juu ya paa la ploti, jengo la kupanga walimoishi, katikati ya nguo zilizoanikwa. Kila Jumamosi walilipanda kwa zamu huku Phares akivuta kamba ili liyumbe. Likienda kushoto, aliyepanda ilibidi ainame, la sivyo shuka mbichi zimpige usoni.

"Nyinyi watu wa farasi!" Mama Awuor, jirani, alikuwa akipaza sauti kutoka ngazini. "Mkichafua shuka zangu, mtazifua na hao farasi wenu!"

Mwaka wa 2023 mfugaji mmoja wa mtaa wa Karen aliwaalika wakapande farasi wa kweli. Clare hakukubali kwenda bila Phares. Farasi alipogeuka kushoto, Clare aliinama hadi shavu likagusa shingo ya mnyama. Griffins naye akainama palepale. Wote waliomfuata pia.

"Mnakwepa nini, na uwanja ni mtupu?" mwalimu wa kupanda farasi akashangaa.

"Shuka za Mama Awuor!" Griffins akajibu.

Clare alicheka hadi ikabidi ashikwe asianguke. Mwalimu akauliza ni nani aliyewafunza hivyo.

"Ni Anko yangu, yule pale amejificha nyuma ya mti," Clare akasema kwa fahari.

Phares alifurahi sana. Lakini bado alikuwa Anko.

Clare hakuwa ameolewa. Wakati wa likizo alimsaidia mama yake kibandani, na Jumapili alifunza watoto kanisani. Novemba 2024 alianza kuvimba miguu, ikagunduliwa kuwa figo zake zimeshindwa. Wanachama walimsindikiza kwa zamu kwenda kusafishwa damu, wakipangana vilevile walivyopangana kupanda pipa. Alivumilia, akafanya mtihani wake wa mwisho, kisha akatutoka alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2025.

Ameacha mama yake Roseline, mlezi wake Phares, ndugu zake Jackton na Nekesa, na chama ambacho hadi leo hakina farasi. Pipa bado liko juu ya paa. Mama Awuor amekataa liondolewe. Mola ampumzishe Clare mahali penye amani na uwanja mpana.

Jioni yake ya mwisho hospitalini, saa ya kuona wagonjwa ilipoisha, Phares aliinuka kwenda nyumbani. Chandarua kilikuwa kimefungwa fundo, kinaning'inia karibu na kichwa cha Phares. Clare alifungua macho, akakiona, akatabasamu.

"Inama, Baba," akamwambia. "Shuka za Mama Awuor."