Siku Bomba Alipoanguka Zizini

Asubuhi hiyo benchi la nje kwa kinyozi lilikuwa na nafasi tupu. Ilikuwa ya Bomba, aliyepewa jina hilo kwa pampu aliyoibeba mgongoni akiwanyunyizia ng'ombe wa mtaa mzima dawa ya kupe. Jana yake alasiri alianguka zizini kwa Mstaafu, mate yakimtoka kama povu, akakimbizwa hospitali. Wenye ng'ombe watatu, yaani Kinyozi, Mstaafu na Mama Maziwa, walikaa na vikombe vya kahawa. Hakuna aliyeisogelea ile nafasi.

— Ni jua tu, alisema Kinyozi. Jana lilikuwa la kukaangia mayai.

— Jua gani, wee? Bomba kazeekea juani, Mama Maziwa alimkata. Ni njaa. Alishinda na chai kavu.

— Mimi nilikuwepo, akasema Mstaafu. Yule ng'ombe wangu mweusi alimkazia macho. Akamtazamaaa, mwenzetu akaanza kutetemeka.

— Mzee, mbona wewe unamkamua kila siku na hujafa? Kinyozi alimuuliza.

— Mimi kanizoea.

Walicheka, kisha wakaona haya.

— Alikoroga dawa kwa mkono, Mama Maziwa alisema chini chini. Mpaka kwenye kiwiko. Nilimwona.

— Si ndivyo anavyokoroga siku zote? alisema Kinyozi. Anasema kijiti hakijui dawa ikishachanganyika.

— Tulisema tutamnunulia glavu.

— Tulisema lini?

— Masika yale.

Binti yake Bomba akatokea kwenye kona, simu mkononi, kandambili moja imekatika.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Baba anaendeleaje?

— Anahema kwa shida. Daktari yuko hewani. Anauliza, dawa ile inaitwaje?

Wenye ng'ombe walikuwa wamenunua kopo moja kwa pamoja, wakagawana kwenye chupa za soda, kila mmoja na yake.

— Ni ile ukiitia maji inakuwa nyeupe, alisema Kinyozi.

— Jina, baba mdogo.

— Inanuka kama mafuta ya taa, Mama Maziwa akasaidia.

— Jina lake, mama! Kopo liko wapi?

Mstaafu aliweka kikombe chini.

— Nililitumbukiza chooni. Wajukuu wasije wakalichezea.

Binti alipeleka simu mdomoni.

— Haloo? sauti ikaita. Haloo? Mmeniambia dawa gani?