Kompyuta Iliyogoma Kujisasisha, na Fundi Niliyemsingizia

Ndugu zangu wa chama, nimeomba dakika kumi. Nitatumia tano, zilizobaki mtanirudishia siku nyingine.

Mnajua nina kiduka cha kuchapisha na kujaza fomu, uchochoro wa nyuma ya Ngome ya Yesu. Fundi mmoja, rafiki yangu tangu tulipokuwa chuoni kwa maalimu, aniwekea mfumo wa Linux kwenye laptopu. Akasema itajisasisha yenyewe kila siku, mimi niiwache tu. Nikamuuliza mara mbili: yenyewe? Yenyewe.

Siku moja akaja mama na bintiye. Fomu ya kuomba nafasi ya kusoma uuguzi ilikuwa inafungwa saa kumi. Ukurasa ukakataa kufunguka, ati kivinjari changu ni cha zamani. Nikajaribu tena, ukakataa tena. Yule mama akanitazama vile mtu anavyomtazama muuza samaki akishamnusa samaki wake, akamshika bintiye mkono wakenda kwa jirani yangu.

Nikafungua kumbukumbu za masasisho. La mwisho lilikuwa la siku ileile aliyoniwekea. Miezi saba. Nikahesabu tena, saba. Na juu yake ratiba imeandikwa kwa kijani kwamba inafanya kazi! Ndugu zangu, nawaambia, kudanganywa na mtu mliyekula naye sahani moja kunaingia mpaka kwenye mifupa. Sikumpigia hata simu. Nilikuja hapa kikaoni, nikawaambia ni tapeli, msimpe kazi. Mkaniamini, maana nasifika kwa kutopunjika.

Wiki chache baadaye yule fundi akaingia dukani. Salamu alitoa, lakini ya kutimiza wajibu.

"Yakhe, nipe hiyo mashine."

Akatazama nafasi kwenye diski, ipo. Mtandao, upo. Akaiamuru kwa mkono ijisasishe, ikajisasisha. Kisha akasoma kumbukumbu za mfumo, akanigeuzia kioo. Kila siku mstari ni uleule: kazi imerukwa, mashine haiko kwenye umeme.

"Unaichaji wapi?"

"Nyumbani."

"Na hapa?"

"Hapa natumia betri."

Hakuniuliza kwa nini. Ananijua. Nyumbani stima imo ndani ya kodi, dukani tokeni za stima nanunua mimi. Basi nyumbani naichomeka imezimwa, dukani naiwasha bila waya. Na Linux ikijiona iko kwenye betri huahirisha masasisho, isije ikazimika katikati. Miezi saba haikupata siku hata moja ya kuwa imewashwa na imechomekwa pamoja. Aliyenihini nilikuwa mimi, na ujanja wangu.

Nikamwomba radhi palepale. Akafunga mkoba wake.

"Ulikwenda kwa watu kabla ya kuja kwangu," akasema. "Jina langu hukulivunja hapa dukani."

Ndiyo sababu nimesimama. Namshukuru jirani aliyeiwahisha fomu ya yule binti. Namshukuru fundi, aliyekuja kutengeneza mashine ya mtu aliyemchafua. Mkiambiwa kitu kinajiendesha chenyewe, kakitazameni. Na kabla hamjamwita mtu mwongo, muulizeni yeye kwanza. Mliomhama kwa maneno yangu, mrudieni.

Yuko pale karibu na mlango, kama mtu ambaye hajaamua kukaa. Ndugu yangu, nilichosema mbele ya hawa nimekifuta mbele ya hawa. Kama hakijatosha, taja kilichobaki. Leo sibishani bei.