Odessa Marie Pruitt wa Kijumba Nambari Tisa

Odessa Marie Pruitt alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 2012, mjini Medford, Oregon, mtoto wa pekee wa Lyle Pruitt, fundi wa mapaa, na mkewe Shawna. Alizaliwa wiki tatu kabla ya wakati. Bibi yake Verna alizoea kusema kwamba mtoto huyu alikuja na haraka zake na hakuziacha.

Alianza shule Septemba 2017, akabadilisha shule nne. Hakufukuzwa popote. Nyumba yao ya tela iliteketea kwa moto wa tarehe 8 Septemba 2020, na tangu hapo walilala motelini, kwa jamaa, kisha miezi saba ndani ya gari. Hesabu alizipenda. Kusoma alisoma kwa kusukumwa, na tusimvishe sifa zisizo zake.

Tarehe 3 Februari 2022 walipewa kijumba nambari tisa katika kijiji cha muda cha familia zisizo na makazi: chumba kimoja cha futi nane kwa kumi na mbili, jiko na bafu vya pamoja, mpaka ipatikane nyumba ya kudumu. Kijiji hicho hupokea wazazi wenye watoto tu, na Odessa alilijua hilo vizuri mno.

"Bila mimi mngekuwa bado garini," aliwaambia wazazi wake siku ya kwanza. "Kwa hiyo kitanda cha juu ni changu."

Akapewa.

Watu wazima wa kijiji wana zamu za kazi. Odessa alidai na yake, akakabidhiwa orodha ya mashine ya kufulia. Mzee Harlan, jirani anayelea wajukuu watatu, alijaribu mara moja kuruka foleni.

"Babu Harlan, zamu yako Alhamisi. Leo Jumatano, hata ukinuna."

"Na nikikupa pipi?"

"Pipi lete. Zamu yako bado Alhamisi."

Pipi ilikwenda, na nguo za Harlan zilifuliwa Alhamisi.

Hakufika umri wa kuolewa. Mama yake alipomtania, alijibu kwamba hataki mwanamume asiye na nyumba yenye ngazi ndani.

Pumu ilimwanza akiwa na miaka mitano. Agosti hii, moshi wa mioto ya misitu ulipolijaza bonde letu, alizidiwa. Lyle alifunga kichujio cha hewa kwenye feni, akaziba mlango kwa taulo mbichi, na moshi ukaingia vilevile. "Baba, keti," Odessa alimwambia. "Unanichosha mimi." Alifariki hospitalini Jumatano, tarehe 23 Agosti 2023, saa sita na robo mchana. Mama yake alikuwa amemshika mguu, kwa kuwa mikono ilijaa mirija. Baba yake alikuwa bado anatafuta pa kuegesha gari. Kila kilichowezekana kilifanyika, na inauma kuandika kwamba hakikutosha.

Jumatatu iliyofuata Corinne, msimamizi wa kijiji, alileta barua huku akilia. Mtoto hayupo tena, kwa hiyo wazazi hawana haki ya kijumba, watoke ndani ya siku thelathini, na jina lao linatoka kwenye orodha ya nyumba za kudumu za familia.

"Nimewapigia simu wakubwa wote, Shawna. Nimeomba sana. Wameniambia sheria ndiyo hiyo."

"Nani anafuata kwenye foleni?" Shawna akauliza.

"Mama mmoja. Yuko na watoto wanne garini."

Shawna akasema, "Wape."

"Sasa sisi ni nini?" Lyle akauliza. Hakuna wa kumgombeza, na hilo ndilo linalotumaliza nguvu.

Marehemu ameacha baba na mama. Bibi yake, Verna, aliye katika nyumba ya wazee. Na mama yake mkubwa, Bernadine, mwandishi wa wasifu huu, anayelala kwenye kochi la rafiki na asiye na hata kona ya kuwapa.

Wanaotaka kutoa pole watawapata wazazi kijumba nambari tisa hadi tarehe 27 Septemba. Baada ya hapo hatujui tuwaelekeze wapi.

Pumzika kwa amani, Odessa. Hapo hakuna atakayekuhamisha.